Ukibonyeza "Lipa" Mara Mbili, Pesa Isikatwe Mara Mbili

Ni tarehe tano, siku ya kodi. Umeweka namba ya nyumba, umeandika shilingi 8,500, umebonyeza "Lipa". Dirisha la PIN limekuja, umeweka PIN yako, na sasa kwenye skrini kuna maneno matatu tu: "Ombi lako linashughulikiwa". Dakika moja inapita. Dakika ya pili. Hakuna ujumbe, hakuna risiti. Halafu dirisha la PIN linajitokeza tena.

Utafanyaje?

Wateja wengi wataweka PIN tena, na si kwa sababu ni wazembe. Wanadhani ya kwanza imekataa. Baadaye jumbe mbili zinaingia kwa mpigo: 8,500 imeenda, na 8,500 nyingine imeenda. Pesa ya chakula cha mwezi iko kwa mwenye ploti, na mwenye ploti hashiki simu.

Jibu ambalo mteja kama huyu huambiwa ni moja: "Ungesubiri." Mimi sikubaliani na jibu hilo. Kusubiri ni vizuri, na hapa chini nitaeleza namna ya kusubiri kwa akili. Lakini mzigo wa kuzuia malipo ya mara mbili uko kwa yule aliyepanga foleni ya mfumo, yaani biashara inayopokea pesa, fundi wake wa kompyuta, na sisi kampuni za malipo. Mwenye kidole chenye haraka asibebeshwe mzigo huo. Na ili uweze kuwadai haki yako, inafaa ujue foleni hiyo inafanya kazi namna gani.

Foleni yenyewe ni nini?

Fikiria kisiagi cha mtaani. Asubuhi unapeleka debe lako la mahindi, unaandika jina, unaliacha pale na kuendelea na shughuli zako. Msagaji anachukua debe moja moja. Watu wakija arobaini kwa wakati mmoja, mashine haivunjiki. Ni madebe tu yanayokaa kwa mstari. Stima ikipotea, mahindi yako hayapotei nayo. Yanangoja.

Foleni ya kazi kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Programu ya mwenye ploti, ya shule au ya duka ikipata ombi lako, haikimbilii kulimaliza papo hapo. Inaandika kazi: "Mtumie mteja huyu dirisha la PIN la shilingi 8,500", au "Malipo yamefika, yaweke kwa nyumba B4". Kazi hiyo inaingia kwenye foleni, na programu nyingine, ambayo hapa nitaiita kibarua, inaichukua na kuitenda. Kukiwa na shughuli nyingi, vibarua wanaongezwa.

Mwenye biashara hahitaji kununua mitambo ili kupata foleni kama hiyo. Anaikodi kwenye huduma za wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazotumiwa kupitia intaneti na kulipiwa kadiri ya matumizi. Amazon ilifungua rasmi huduma yake ya foleni, SQS, mwaka 2006, mwaka mmoja kabla ya M-Pesa kuzinduliwa hapa Kenya. Google nao wana huduma yao, Cloud Tasks.

Sasa, foleni ya kukodi huja na vipimo vilivyowekwa tayari na mwenye huduma. Vipimo hivyo havikuwekwa kwa kufikiria kodi ya Githurai wala karo ya Kakamega. Lazima mtu akae chini avibadilishe vilingane na kazi iliyopo. Asipofanya hivyo, wewe ndiye utakayeona matokeo kwenye salio lako.

Sekunde 30 zinazoweza kukugharimu

Kwenye SQS, kibarua akichukua kazi, kazi ile haitoki kwenye foleni. Inafichwa tu ili vibarua wengine wasiione. Akimaliza, anaifuta. Ikiwa muda wa kufichwa utaisha kabla hajaifuta, foleni inachukulia kwamba kibarua amezimia njiani, na inaifichua kazi ili mwingine aichukue. Usipobadilisha kipimo hiki, muda wenyewe ni sekunde 30.

Rudi kwa ile tarehe tano jioni, mtandao ukiwa mzito. Kibarua wa kwanza ametuma dirisha la PIN na bado anangoja jibu. Wewe unatafuta miwani, au unapiga hesabu kama kutabaki nauli ya kesho. Sekunde ya 31 inafika. Kazi inafichuliwa, kibarua wa pili anaiokota, naye anakutumia dirisha lake. Hapa hakuna mwizi, na hakuna aliyeingilia simu yako. Ni kipimo tu ambacho hakuna aliyekigusa. Lakini dirisha la pili linafanana na la kwanza kama mapacha, na ukiweka PIN, pesa inakatwa tena kihalali kabisa.

Dawa ya hili haina ufundi wa ajabu. Muda wa kufichwa unaweza kurefushwa, na SQS inaruhusu hadi saa 12. Amazon wenyewe wanashauri kwamba ukitumia SQS pamoja na huduma yao ya Lambda, kazi ifichwe kwa muda usiopungua mara sita ya ule aliopewa kibarua kumaliza. Kwa hiyo kibarua aliyepewa sekunde 30, kazi yake ifichwe dakika 3. Mabadiliko hayo ni ya namba moja kwenye ukurasa wa mipangilio.

Kubisha mlango si kuuvunja

Kipimo cha pili ni kujaribu tena. Kazi ikishindikana, foleni huirudia, na hilo ni jambo jema: mtandao ukikatika kwa sekunde chache, malipo yako hayatupwi. Swali ni inarudia kwa kasi gani, na kwa muda gani.

Cloud Tasks ya Google, ukiiacha ilivyo, inaweza kutoa hadi kazi 500 kwa sekunde, na kazi iliyofeli inaweza kujaribiwa hadi mara 100. Subira ya kwanza ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha inaongezwa maradufu kila mara hadi ifike saa moja. Piga hesabu: ndani ya sekunde saba hivi, kazi moja iliyofeli itakuwa imebisha mlango mara sita zaidi. Kama kazi zilizofeli ni elfu moja, na mlango ni seva ndogo ya shule wiki ya kufungua muhula, hapo ni kama kumwaga abiria wa garimoshi kwenye matatu ya watu 14. Seva iliyokuwa imechoka sasa inalala kabisa, na kila mzazi anaambiwa "jaribu tena baadaye".

Methali ya haraka haraka haina baraka sisi huwasomea wateja. Nadhani foleni ndiyo inayostahili kusomewa kwanza. Fundi aanze na subira ya sekunde 10, kisha 20, kisha 40, na apunguze kasi ya kutoa kazi ilingane na uwezo wa seva anayoitumia. Vyote hivyo ni vipimo vinavyobadilishwa bila kuandika programu upya.

Tena kila kazi ina umri wake wa haki. Kazi ya "weka malipo haya kwa nyumba B4" inafaa ijaribiwe hata siku nzima, kwa sababu pesa imeshatoka kwako na lazima ifike. Kazi ya "mtumie mteja dirisha la PIN" inafaa ife baada ya dakika chache. Kama nimesimama dukani na dirisha halikuja, nimeshalipa pesa taslimu na kwenda zangu. Likinijia saa mbili usiku nikiwa mezani, huo ni mtego, hata kama hakuna aliyekusudia kunitega. Kuziweka kazi hizi mbili kwenye foleni moja yenye vipimo vimoja ni uzembe, na natumia neno hilo makusudi.

Namba izaliwe na ankara

Hata vipimo vikiwekwa sawa, kuna jambo ambalo mafundi wanalijua na wateja hawaambiwi. Foleni ya kawaida ya SQS, na Cloud Tasks pia, huahidi kufikisha kazi angalau mara moja. Hazikuahidi mara moja tu. Google wanaeleza kwamba zaidi ya asilimia 99.999 ya kazi hutendwa mara moja pekee. Hiyo ni rekodi nzuri sana, lakini ukiwa na kazi milioni moja, bado chache zinaweza kurudiwa, na hizo chache zina majina ya watu.

Kwa malipo unayofanya wewe, PIN yako ni komeo la mwisho. Lakini fikiria pesa inapotoka upande wa pili: biashara inalipa mishahara, inatuma mikopo, inarudisha pesa za wateja. Hapo hakuna anayeulizwa PIN kwa kila mtu. Kazi ikirudiwa, malipo yanarudiwa, na kesho yake mtu anapigiwa simu akidaiwa pesa aliyodhani ni haki yake na ameshaitumia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa iko kwenye methali hiyo. Kila malipo yapewe namba yake ya kipekee. Kibarua, kabla ya kugusa pesa, aandike namba hiyo kwenye daftari la mfumo, na daftari likatae namba ambayo tayari imo. Kazi ikija mara ya pili, jibu ni "hii imeshachukuliwa", na hakuna kinachosogea.

Lakini namba hiyo izaliwe lini? Hapa ndipo naona watu wengi wanapoteleza. Kama namba inatengenezwa kila unapobonyeza "Lipa", basi kubonyeza mara mbili kunazaa namba mbili, na daftari litazikubali zote. Aina ya foleni ya SQS inayofuata mstari kwa ukamilifu inaweza kukataa kazi iliyorudiwa, ila kumbukumbu yake ni ya dakika 5 tu, na inatambua marudio kwa namba uliyoipa. Ukiipa namba mpya, kwake ni kazi mpya. Kwa hiyo namba izaliwe na ankara: kodi ya nyumba B4 ya mwezi huu ina namba moja, hata ukibonyeza mara kumi.

Najua kuna wakati mtu anataka kulipa mara mbili kweli. Umepanda bodaboda kwenda na kurudi, shilingi 100 na 100, kwa mtu yule yule. Mfumo usikukatalie. Ukuulize tu: "Umelipa shilingi 100 kwa namba hii dakika mbili zilizopita. Unataka kulipa tena?" Swali moja kama hilo linaheshimu pesa yako na akili yako pia.

Kazi zilizokwama ziangaliwe na mtu

Kuna kazi ambazo zitafeli kila zikijaribiwa, labda kwa sababu namba ya nyumba iliandikwa vibaya. Foleni iliyopangwa vizuri huzitoa kwenye mstari baada ya majaribio kadhaa na kuziweka kando, kwenye foleni ya zilizokwama. Shida ni kwamba zikiwekwa kando, hakuna anayekwenda kuziangalia.

Na zina tarehe ya mwisho. SQS, usipobadilisha kitu, huhifadhi kazi kwa siku 4 kisha huifuta. Kwa foleni ya kawaida, siku hizo huhesabiwa tangu kazi ilipoingia kwenye foleni ya kwanza, si tangu ilipokwama. Sasa chukua kalenda. Umelipa karo Alhamisi jioni kabla ya Ijumaa Kuu. Ofisi ya shule inafunguliwa Jumanne baada ya Jumatatu ya Pasaka. Siku 4 zimeshapita. Kazi ya kukuandikia malipo imefutwa, mtoto anaonekana ana deni, na wewe una ujumbe kwenye simu unaosema umelipa.

Muda huo unaweza kuongezwa hadi siku 14. Sioni sababu ya mtu yeyote anayeshika pesa za watu kuuacha kwenye 4. Na kuwe na mtu mwenye jina na zamu, si "mfumo", wa kufungua foleni ya zilizokwama kila siku ya kazi na kuwapigia wenyewe.

"Lakini hiyo ni gharama"

Wenye biashara ndogo wataniambia haya ni mambo ya benki. Sivyo. Kubadilisha muda wa kufichwa, subira na siku za kuhifadhi ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayeijua huduma yenyewe. Daftari la namba ni jedwali moja zaidi kwenye hifadhidata. Linganisha na saa anazopoteza mhasibu wa shule akirudishia wazazi pesa mmoja mmoja, au jina la duka linavyochafuka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa.

Wengine watasema basi tuondoe foleni kabisa, kila malipo yamalizike hapo hapo. Hiyo ni sawa na kumwambia mwenye kisiagi asipokee debe mpaka lililopo liishe kusagwa. Siku ya watu watano itawezekana. Siku ya watu mia tano, wengi watarudi nyumbani na mahindi yao. Tuiache foleni, ila ipangwe kwa kujua kwamba nyuma ya kila kazi kuna mtu anayengoja na simu mkononi.

Wewe nawe fanya hivi

Mpaka kila biashara ipange foleni yake vizuri, jilinde.

Dirisha la PIN likija na hukuliomba, au likija mara ya pili, lifunge. Angalia kwanza jumbe zako na salio. Kinachoonyesha kwamba pesa imetoka ni ujumbe wa kampuni ya malipo na taarifa ya akaunti yako. Skrini ya duka inaweza kuchelewa.

Weka namba ya muamala. Usifute ujumbe wa karo au kodi mpaka upate risiti ya upande wa pili. Namba hiyo ndiyo itakayotafutwa kwenye foleni ya zilizokwama.

Mtu akikupigia na kusema "malipo yako yamekwama, nipe PIN niyasukume", kata simu. Foleni haisukumwi kwa PIN yako, na hakuna mhudumu wa kweli anayeihitaji. Matapeli wanapenda sana dakika zile za kungoja, kwa sababu ndipo mtu ana wasiwasi.

Kama wewe ndiwe muuzaji, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa skrini ya mteja. Ngoja ujumbe ufike kwenye simu yako. Na usimlazimishe mteja alipe tena kwa sababu wako umekawia. Mwandikie namba yake ya muamala na mkubaliane.

Halafu, kabla ya kuanza kulipa karo au kodi kupitia mfumo mpya, waulize wenyewe maswali mawili. La kwanza: nikilipa mara mbili kwa ankara moja, mfumo wenu utafanya nini? La pili: malipo yakikwama, nani anayaangalia, na baada ya muda gani? Mwenye majibu amepanga foleni yake. Anayekujibu "haijawahi kutokea", mwonyeshe makala haya, ampelekee fundi wake.

Nasi kampuni za malipo tuna deni letu. "Ombi lako linashughulikiwa" halimsaidii mtu aliyeshika 8,500 yake ya mwisho. Tungeweza kumwambia hivi: "Malipo yako yako kwenye foleni. Usilipe tena. Tutakupa jibu kabla ya saa mbili na robo." Kisha saa mbili na robo ikifika, tumpe jibu.